Afraha itutoshe sote, lakini kwa ratiba

Kijana mwenzangu wa Dundori, wewe unayepanda matatu hadi Nakuru kutazama mechi, hebu tuongee. Uwanja wa Afraha umebeba mengi. Ulinzi Stars wamecheza ligi pale. Aprili 16, 2016, Uhuru Kenyatta na William Ruto waliujaza kwa maombi baada ya kesi za ICC kuporomoka. Sawa, ni mali ya umma. Lakini wanafunzi si umma pia? Kwa nini fainali za vyuo zisitengewe siku pale?

Utaniambia nyasi zitaisha. Ni kweli, hoja hiyo ina uzito. Kuchangia uwanja bila mpango ni balaa. Kule Chicago, Novemba 2010, vyuo vya Northwestern na Illinois vilipelekwa kucheza kandanda ya Kimarekani katika Wrigley Field, uwanja wa besiboli. Ukuta ulikaribia mno mstari wa mwisho. Siku moja tu kabla ya mechi, ikaamuliwa kila timu ishambulie upande uleule. Mechi ilichezwa, lakini ilikuwa kioja.

Kwa hivyo kaunti ipime mapema, kisha itangaze kalenda ya mwaka mzima: siku za ligi, za vyuo, za mikutano, na wiki za kupumzisha nyasi. Anayeharibu alipe.

Mchezaji wa chuo akizoea uwanja mkubwa leo, kesho hatatetemeka akiitwa ligini. Tusingoje kupewa. Diwani wako akija kuomba kura, muulize kalenda iko wapi.