Nyumba Mpya na Cheti cha Umeme



Mwezi uliopita nilipigiwa simu na wifi yangu aliyeolewa Kutulo, mji ulio kwenye njia ya kutoka Wajir kwenda Elwak na Mandera. Mumewe yuko safarini kwa biashara, na yeye ndiye aliyesimamia ujenzi wa nyumba yao ya mawe tangu msingi hadi mabati. Nilitaraji kusikia furaha ya kuhamia, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kulia. "Wifi," aliniambia, "friji inauma. Mtoto ametoka kutawadha, miguu imerowa, ameigusa akatupwa ukutani. Alhamdulillahi, yu mzima."

Fundi alipoulizwa alijibu kuwa huo ni umeme mdogo tu, watu wavae ndara. Nikamwuliza wifi kama alipewa cheti. Alikuwa nacho, tena chenye sahihi na muhuri. Ila fundi alikileta mfukoni siku ya kwanza ya kazi, kabla ya waya hata mmoja kutandazwa, na mwenye sahihi ile hajawahi kukanyaga Kutulo.

Dada zangu, hebu tulitafakari jambo hili. Katika nchi ile, aqal, nyumba ya fito na mikeka, hujengwa na wanawake wenyewe. Mama aliyekunja zile fito na kuzifunga kamba hujua kila fundo lilipo, na upepo ukivuma hajui hofu. Nyumba ya mawe ina siri nyingine. Waya ukishafunikwa kwa saruji, mwenye nyumba hauoni tena. Badala ya macho yake kuna ushahidi wa mtu mmoja aliyeukagua, naye huuandika katika cheti. Anayetia sahihi kazi asiyoiona ametoa ushahidi wa uongo, nasi tunajua uzito wa dhambi hiyo.

Sheria ya Kenya haikuliacha jambo hili kwa bahati. Chini ya Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, ndiyo inayotoa leseni kwa mafundi umeme. Leseni zina madaraja. Daraja la C-2 ni la umeme wa fezi moja, volti 240, ambao ndio wa nyumba zetu nyingi. C-1 huingia katika fezi tatu, volti 415. Kisha yako ya juu zaidi. Kazi ikimalizika, fundi mwenye leseni huipima na kutia sahihi cheti. Palipo na nyaya za Kenya Power, shirika hilo hukitaka cheti hicho kabla ya kufunga mita.

Mwenye sola asidhani kwamba yeye hayumo. Kanuni za mitambo ya sola za mwaka 2012 ziliwagawa mafundi wake katika madaraja matatu: T1 kwa mitambo midogo ya taa chache, T2 kwa ya wastani, na T3 kwa mikubwa na ile inayochanganywa na umeme wa aina nyingine. Inveta ikishageuza umeme wa betri kuwa volti 240, umeme huo huua sawasawa na ule wa nguzoni.

Je, fundi hupima nini? Hupima kama ganda la waya ni zima na halivujishi. Kama swichi imekata waya wenye moto wala si ule wa kurudisha. Kama waya wa ardhini, wenye rangi ya kijani na manjano, umefika katika kila soketi bila kukatika. Na kama fimbo ya shaba iliyozikwa nje inaupokea umeme uliopotea na kuumeza. Kipimo hiki cha mwisho ndicho kilicho kizito zaidi kwa watu wa Kutulo. Ardhi kavu haipitishi umeme vizuri. Fimbo iliyotosha katika udongo wenye unyevu wa Mombasa huenda isitoshe huko, ikahitajika izikwe kwa kina zaidi, au ziongezwe mbili, tatu. Hilo halijulikani kwa kukisia, hujulikana kwa kifaa cha kupimia.

Kwa sababu hiyo hiyo, swichi ya usalama ya miliampia 30 si anasa. Hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na ukipungua kwa kupitia mwilini mwa mtu, huukata mara moja kabla moyo haujadhurika. Fyuzi ya kawaida haifanyi kazi hiyo; yenyewe huulinda waya usiungue.

Nirudi kwa wifi yangu. Mumewe alimtaka angoje arudi, kwani fedha zilikwishia kwenye milango na madirisha. Wifi hakungoja. Alizima umeme wote, akarudi kwenye tochi kwa siku tisa, akauza mbuzi wawili wa mali yake mwenyewe, akamwita fundi mwingine kutoka Wajir. Safari hii aliomba kwanza namba ya leseni, na mwanawe mkubwa akaihakikisha katika orodha ya EPRA.

Fundi yule alifungua kisanduku cha fyuzi akanyamaza kitambo. Waya za kijani na manjano zilitoka katika kila soketi vizuri kabisa, zikafika kisandukuni, zikaishia hapo. Hazikufungwa popote. Nje hapakuwa na fimbo. Alizika fimbo, akapima, hakuridhika, akaongeza ya pili, akapima tena. Akaiunganisha inveta na ardhi ipasavyo, akafunga swichi ya usalama, na betri zilizokuwa chumbani mwa watoto akazihamishia penye hewa, maana betri za maji zinapochajiwa hutoa gesi inayowaka. Kisha ndipo alipoandika cheti, na wifi yangu amesimama karibu akisoma kila kipimo.

Dada yangu unayejenga, fanya haya. Omba leseni kabla ya malipo ya kwanza, utazame daraja lake na kama muda wake haujapita. Piga picha za kuta kabla hazijapigwa plasta, ili ujue waya umepita wapi. Bakiza sehemu ya malipo hadi vipimo vifanyike mbele yako. Usikubali karatasi iliyotiwa sahihi kabla ya kazi. Na chombo chochote kikikuuma hata kidogo, zima umeme siku hiyo hiyo. Usiuridhie kwa ndara.

Mtume wetu (S.A.W.) alitufunza kuzima taa kabla ya kulala, kwa kuhofia moto utakaowateketeza watu wa nyumba. Kuhadhari ndani ya nyumba, basi, ni katika mafunzo yake.

Cheti cha wifi yangu sasa kimo katika kopo moja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Ameniambia friji ameiweka pale pale ilipokuwa, na kwamba siku ya kwanza aliigusa yeye kabla ya wanawe.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na waliomo. Amin.