Injini ya Akiba Haifai Kitu Ubao Wake Ukioza

Ndugu msomaji, huenda ukashangaa kuona safu yetu leo inazungumzia boti huku ikianzia Shishiyu, wilayani Maswa, mahali ambapo mkono umezoea jembe na pamba kuliko kasia. Lakini Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, unafika hadi Ziwa Viktoria kwa upande wa Busega. Basi si ajabu kijana wa Shishiyu akaenda kuvua dagaa upande wa Lamadi, na kaka yake aliyeajiriwa mjini akawa ndiye mwenye mtaji.

Tumchukue kaka huyo kuwa mfano wetu. Amejinyima kwa muda mrefu, ametuma fedha, na boti imepata injini kubwa pamoja na nyingine ndogo ya akiba. Siku mdogo wake anapoomba fedha za bolti nne na kipande cha mbao, kaka hunung'unika kwamba anasumbuliwa. Hapo ndipo kosa linapoanzia.

Injini kubwa huwekwa katikati ya shetri. Ile ya akiba hupachikwa pembeni, juu ya ubao unaoshikwa na mikono ya chuma yenye bawaba ili iweze kuinuliwa na kushushwa. Injini ndogo ya nguvu farasi 15 yaweza kuwa na uzito wa kilo 36 hivi. Boti ikipigwa na mawimbi, uzito huo huruka na kushuka mara maelfu, na kila mruko huzivuta bolti. Tundu hulegea, maji hupenya, na mbao huoza kwa ndani hali rangi ya juu ingali inang'aa. Wahenga walisema, bandubandu huisha gogo.

Yafaa basi mambo haya yafuatwe.

Kwanza, boti ikiwa nchi kavu, shika injini kwa mikono miwili uitikise. Ikicheza, usikimbilie kukaza nati tu, tafuta sababu. Gonga ubao kwa nyundo ndogo: mbao nzima hulia kwa sauti kali, iliyooza hutoa sauti nzito. Choma kwa ncha ya kisu kandokando ya matundu. Ncha ikizama kwa urahisi, ubao huo ubadilishwe. Rangi si dawa ya mbao iliyooza.

Pili, mikono ya chuma isishikizwe kwa skrubu za mbao. Itumike bolti inayopita hadi ndani ya boti, yenye washa pana ili nati isididimie kwenye mbao, na nati ya pili ya kuizuia ya kwanza isilegee. Tundu lipakwe gundi ya kuzuia maji kabla ya bolti kuingizwa. Bawaba zipakwe grisi.

Tatu, vibanio vya injini vikazwe kila kabla ya safari na vitazamwe tena njiani, kwani mtikisiko huvilegeza. Zaidi ya hayo, injini ifungwe kwa mnyororo au kamba imara kwenye pete iliyotiwa bolti katika boti yenyewe. Usiifunge kwenye mikono ile ile inayoibeba, maana ikikatika vyote vitazama pamoja. Kamba iwe fupi isiyoweza kufikia pangaboi la injini kubwa.

Nne, injini ya akiba isipotumika iinuliwe na kufungwa isirukeruke. Ikishushwa, sahani bapa iliyo juu ya pangaboi ilingane na sehemu ya chini ya boti au ishuke kidogo. Ikikaa juu mno, pangaboi litazungushia hewa badala ya maji.

Tusiwasahau wezi. Boti ikilala ufukoni, injini ivuliwe na kuhifadhiwa. Ikishindikana, vibanio vitiwe kufuli. Namba ya injini iandikwe katika daftari linalokaa nyumbani, si ndani ya boti.

Ndugu msomaji, fikiri upepo umechafuka katika Ghuba ya Speke na injini kubwa imezimika. Mdogo wako anaishusha ile ya akiba, anavuta kamba, inawaka. Ubao unapasuka, na injini inatumbukia majini kwa dakika moja. Waliomo wamebakiwa na kasia, na giza linaingia. Fedha zako zote zilikuwa zikining'inia kwenye kipande kile cha mbao ulichoona hakistahili kununuliwa; na maisha ya ndugu yako pia.

Basi akiomba fedha za bolti, mpelekee. Na asipoomba, muulize wewe: ubao ule uliukagua lini?

Tukutane Jumapili ijayo.