Jina la jaji liandikwe bila mapambo



Katika kundi letu kuna wazo la kuandika kwa Kiswahili kurasa za Wikipedia juu ya watu wa nchi hii iliyotupokea. Wa kwanza kutajwa ni jaji Benedicto Kiwanuka. Wazo ni zuri, ila ubishi umeanzia kwenye kichwa tu. Wengine wanataka "Mheshimiwa Jaji Mkuu Shujaa Benedicto Kiwanuka". Mimi nasema hapana. Kichwa kiwe "Benedicto Kiwanuka", basi.

Kwanza, mtu anayetafuta kwenye simu anaandika jina, haandiki cheo. Utaratibu wa Wikipedia ni huo: kichwa ni jina ambalo watu wanalijua, vyeo vinaingia ndani ya maandishi. Na kama mwingine anaandika "Benedict" bila ile o ya mwisho, unatengenezwa ukurasa mdogo wa kumpeleka kwenye ule wenyewe. Sisi wakimbizi tunalielewa hili. Herufi moja ikikosewa kwenye karatasi ya familia, mtu anapanga foleni siku nyingi akisema "ni mimi huyu".

Pili, vyeo vinataka tarehe. Kiwanuka alikuwa Waziri Mkuu kuanzia Machi 1962, Uganda ikiwa bado chini ya Waingereza lakini na serikali yake ya ndani. Uchaguzi wa Aprili ukamtoa, na uhuru ulipofika tarehe 9 Oktoba 1962 Waziri Mkuu alikuwa Milton Obote. Sasa ukiandika "Waziri Mkuu wa kwanza" bila kueleza, kesho mtu atafuta aweke Obote, wewe utarudisha, na vita haviishi. Weka tarehe, wote wawili watakaa mahali pao.

Ni vilevile kwa "Jaji Mkuu wa kwanza". Kabla yake walikuwepo wengine, lakini walitoka nje. Yeye, mwaka 1971, ndiye raia wa Uganda wa kwanza kukalia kiti hicho. Na musiandike "Mganda wa kwanza", maana kwa Kiswahili neno hilo linachanganya: ni mtu wa Uganda, au ni mtu wa kabila la Baganda? Yeye alikuwa vyote viwili. Andikeni "raia wa Uganda", hakuna atakayeuliza.

Tatu, na hapa ndipo penye uzito. Kiwanuka alikuwa amefungwa wakati wa Obote. Idi Amin alipochukua nchi Januari 1971 akamtoa gerezani, halafu mwaka huohuo akampa ujaji mkuu. Septemba 1972 ikafika mbele yake kesi ya Mwingereza aliyeshikwa na wanajeshi. Kiwanuka akaamuru aachiliwe, akasema jeshi halina mamlaka ya kukamata watu hivyo. Tarehe 21 Septemba wanajeshi wakamchukua kutoka Mahakama Kuu, Kampala. Aliuawa, na mwili wake haukupatikana.

Someni tena aya hiyo. Hakuna neno "shujaa" ndani yake. Mulilihitaji?

Neno la sifa lisilo na ushahidi, mtu yeyote analifuta kwa dakika moja. Tendo lenye tarehe na gazeti au kitabu nyuma yake, ni vigumu kulifuta. Na sisi tuliokimbia tunajua namna watu wanavyoandikwa: "mwasi", "msaliti", "adui". Neno moja, bila ushahidi, na familia nzima inahama. Kama tunachukia tabia hiyo, tusiifanye sisi hata kwa mtu tunayempenda. Kwa jaji aliye hai tuwe waangalifu zaidi, maana uvumi tutakaoweka utamfuata yeye na watoto wake.

Najua wazee watasema kumtaja jaji kwa jina tupu ni kukosa adabu. Kwa mdomo, ni kweli. Ukikutana na jaji kule Mbarara, sema Mheshimiwa. Lakini kwenye ukurasa, adabu ni kuandika mambo yake sawasawa, na cheo chake kikae kwenye sentensi ya kwanza.

Ndugu wa mashirika, mara nyingi munauliza mutusaidie na nini. Safari hii si fulana. Ni bando, na nauli ya vijana wachache kwenda maktaba Mbarara kusoma magazeti ya zamani.

Na kwetu vijana: kila mwenye kutaka kuandika aje na sentensi moja tu, tarehe yake, na pale alipoitoa. Sentensi ishirini za namna hiyo zinatosha kuwa ukurasa.