Mnyororo wa Bagamoyo

Mwaka jana sisi akina mama wa ushirika tulitoka Kyimo hadi Bagamoyo. Miguu ilituvimba ndani ya basi. Mkisafiri mbali, shukeni mtembee kidogo kila basi linaposimama.

Makumbusho ya Wakatoliki yamo katika nyumba ya masista iliyojengwa mwaka 1876. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika mwaka 1868, wakawakomboa watoto waliouzwa utumwani na kuwalea. Minyororo ipo. Mwenzetu aliyebeba mtoto mgongoni aliitazama, akatoka nje. Tulipomfuata akatuuliza, "Wangemfunga nani kwanza, mimi au huyu?" Hatukuwa na jibu.

Kaole, kusini kidogo ya mji, kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13, makaburi ya nguzo, na makumbusho madogo yenye vigae vya vyombo vya China. Kumbe wanawake wa pwani yetu walikuwa na bakuli zilizovuka bahari kabla Mreno hajafika! Watoto wetu wanadhani historia ilianza na wazungu, nasi ndio tunaowaachia wadhani hivyo.

Mmoja wetu alikuwa amekwisha kupatana bei na mnunuzi wa vyuma chakavu, amwuzie mikanda ya shaba ya bibi yake, ile waliyovaa wanawake wa Kinyakyusa kiunoni. Aliporudi alikataa kuitoa. Mumewe alikasirika, maana fedha ile ilikuwa ya sare za shule. Sare tunazichangia sisi; bado shati moja.