Nguzo za Villa Lewaro

Ni jambo la kawaida miongoni mwetu wasomi kulitazama jengo lenye nguzo ndefu za Kizungu na kuamua papo hapo kwamba aliyelijenga alikuwa mtumwa wa fikra. Hukumu hiyo mara nyingi ni ya haki. Hata hivyo, haifai kutolewa kabla ya kuuliza ni nani aliyejenga, na mbele ya macho ya nani.

Huko Irvington, jimbo la New York, Marekani, ipo nyumba iitwayo Villa Lewaro. Ilijengwa kati ya 1916 na 1918 kwa mtindo uliofufua majumba ya kale ya Kiitalia: vyumba 34, na upande wa barabara baraza la nusu duara lenye nguzo za urefu wa ghorofa mbili. Mwenyewe alikuwa Madam C. J. Walker, aliyezaliwa 1867 Louisiana katika shamba la pamba ambako wazazi wake walikuwa wametumikishwa utumwani. Alikuwa dobi kwa miaka mingi kabla ya kutajirika kwa kuwauzia wanawake weusi mafuta ya nywele. Mchoro ulikuwa wa Vertner Tandy, mtu mweusi wa kwanza kusajiliwa kuwa msanifu majengo katika jimbo hilo.

Eneo lenyewe lilikuwa la mamilionea weupe; John D. Rockefeller hakuwa mbali. Walker angeweza kujificha nyuma ya miti. Alijenga palipo wazi, wapitao waone.

Nasi wanaisimu tuna la kujifunza katika jina lile. Lewaro lasikika kama Kiitalia, kumbe ni silabi za mwanzo za majina ya bintiye: Lelia, Walker, Robinson. Inasimuliwa kuwa mwimbaji Enrico Caruso ndiye aliyelibuni. Umbo ni la kukopa, maana ni ya mkopaji. Mbona hatumshutumu asemaye 'meza' kwamba anawaiga Wareno? Mwalimu anayewafundisha wanafunzi kuyachambua majengo ya kikoloni hapa kwetu angefaa kuuweka mfano huu kando ya mengine, wabishane.

Walker hakuifaidi sana nyumba yake; alifia humo Mei 1919. Baadaye ikawa makao ya wanawake wazee, na mnamo 1976 ikatambuliwa kuwa turathi ya taifa. Mwaka wa 2018 ilinunuliwa na wakfu unaowasaidia wanawake weusi wafanyabiashara.