Sheria ipo, ulizeni namba ya usajili

Ndugu mwandishi, shahada ya uzamili unayoitaka katika makala yako kwa kila mwanasaikolojia wa tiba ni sawa, lakini huku kwetu Matuga shida huanza mapema zaidi. Sheria ya Kenya ya washauri nasaha na wanasaikolojia ipo tangu 2014, na inataka mtu asajiliwe na bodi kabla ya kufungua ofisi. Binamu yangu wa Tiwi alikwenda kwa mshauri mmoja mwenye cheti cha semina ukutani, tena kwenye fremu ya dhahabu, akaambiwa aache dawa za daktari. Tukavuka naye feri ya Likoni usiku kumkimbiza hospitali ya Port Reitz. Na wewe mchangiaji hapo juu unayesema vyeti ni majivuno ya wasomi, mwanao ungempeleka kwa huyo? Jamani, kabla hamjalipa, ombeni namba ya usajili.