Pedi Mkononi, Fomu Mfukoni

Tarehe 4 Julai 2002, siku Wamarekani wanapofyatua fataki za uhuru, Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilitoa zawadi kwa vijana: gemu la vita, la bure, linalopakuliwa na yeyote mwenye kompyuta na intaneti. Likaitwa America's Army. Liliundwa katika chuo cha wanamaji cha Monterey, California, na wazo lilikuwa la Kanali Casey Wardynski, mchumi wa chuo cha kijeshi cha West Point. Ukiona mchumi anagawa kitu bure, kaa chonjo. Mwaka 1999 jeshi hilo lilikuwa limekosa idadi ya askari wapya liliyoitaka, na tangu 1973 Marekani haina sheria ya kumburuta kijana kambini. Kijana sharti atake mwenyewe. Basi ikabidi atengenezewe hamu.

Umri wa kulicheza gemu hilo? Kuanzia miaka 13. Ndivyo lilivyopangiwa daraja. Umri wa kujiunga na jeshi? Miaka 17, tena kwa ridhaa ya mzazi. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 2002 serikali ya Marekani iliridhia itifaki ya Umoja wa Mataifa inayowakinga watoto na vita. Mkono mmoja unatia saini New York kwamba mtoto asiguswe. Mkono wa pili unamwekea mtoto yuleyule bunduki kwenye skrini, yenye nembo ya jeshi lenyewe. Kati ya miaka 13 na 17 hakuna afisa anayemwomba saini. Anazoeshwa tu. Chama cha kutetea haki za raia, ACLU, kililisema hilo waziwazi katika ripoti ya mwaka 2008, na gemu likaendelea kupakuliwa kwa miaka mingine 14, hadi lilipozimwa Mei 2022.

Mimi si katika wale wanaodai kwamba kila mwenye pedi mkononi ni muuaji mtarajiwa. Huo ni uvivu wa kufikiri. Vijana wa Manzese na Eastleigh wanashinda kwenye vibanda vya gemu wakipigana risasi za kompyuta, na jioni wanarudi nyumbani kula ugali. Kampuni inayouza Call of Duty inataka pesa zako; ikishazipata, mmeachana. Jeshi linataka mguu wako. Linataka miaka yako, usingizi wako, na ikibidi maiti yako ikiwa imefunikwa bendera. Mwenye kutaka vitu hivyo ana wajibu wa kusema kweli kuliko muuza gemu yeyote, na hapo ndipo jeshi hili lilipodanganya bila haya.

Tazama lilivyofanya. Katika America's Army timu mbili zinapigana, lakini hakuna mchezaji anayekuwa adui. Wewe unajiona askari wa Marekani, na wenzako nao. Wale wa upande wa pili wanajiona askari wa Marekani vilevile, ila wanakuona wewe gaidi. Bunduki yako ya M16 machoni pao inageuka AK-47. Ni ufundi wa kuvutia, sikatai. Umezuia mtoto asikae hata dakika moja katika ngozi ya mtu anayevamiwa. Ukimpiga risasi sajini anayekufundisha, gemu linakutupa kwenye selo ya gereza la Leavenworth, kwa hiyo nidhamu imo, na jeshi lilijisifu kwa hilo. Ila ukimpiga mtu tumboni, hutaona utumbo. Anaanguka, raundi inakwisha, anaamka mzima.

Machi 2006, Iraki ikiwaka, mhadhiri wa sanaa wa chuo kikuu cha Nevada, Joseph DeLappe, aliingia ndani ya gemu hilo kwa jina la dead-in-iraq. Kila alipoingia aliweka silaha chini, kisha akaanza kuandika kwenye ukumbi wa maongezi: jina la askari, umri, kikosi, tarehe aliyokufa Iraki. Jina baada ya jina. Wachezaji walimpiga risasi, wakamtukana, wakapiga kura kumfukuza. Akarudi. Aliendelea kwa miaka, hadi majina yakapita 4,000. Hakuongeza neno lake hata moja, alinakili majina ambayo wizara ya ulinzi yenyewe ilikuwa ikiyatangaza. Gemu lililolipiwa na walipakodi ili kueleza maisha ya askari halikuwa na mahali pa kuandika kwamba askari hufa.

Mwaka 2008 jeshi likapiga hatua nyingine. Ndani ya jengo la maduka la Franklin Mills, Philadelphia, lilifungua ukumbi uliogharimu zaidi ya dola milioni 12: kompyuta, Xbox, mfano wa helikopta ya Apache na wa gari la Humvee, vyote bure, hatua chache kutoka vijana wanakonunua viatu. Waandamanaji wakaja, baadhi wakakamatwa, na mwaka 2010 ukumbi ukafungwa.

Usidhani jeshi lilijifunza. Mwaka 2018 lengo likakosekana tena, safari hii kwa askari wapatao 6,500, na jeshi likaunda timu yake ya kucheza gemu mubashara kwenye mtandao wa Twitch. Hapo askari anacheza, anataniana na watoto, anaulizwa kuhusu pizza anayoipenda. Julai 2020 mtazamaji mmoja akauliza kuhusu uhalifu wa kivita wa Marekani. Akafungiwa. Wengine wakauliza, wakafungiwa. Jeshi likasema huo ni usumbufu. Tena palikuwa na bahati nasibu ya pedi ya Xbox: unabofya ushinde, unajikuta kwenye fomu ya kujiandikisha jeshini. Twitch wenyewe wakaamuru iondolewe. Wanasheria walipokumbusha kwamba katiba inailinda hata hiyo midomo ya watazamaji, waliofungiwa wakarudishwa. Mbunge Alexandria Ocasio-Cortez akapeleka hoja ya kuzuia fedha za umma zisitumike kuandikisha kwenye majukwaa hayo. Kura 126 za ndiyo, 292 za hapana. Wabunge hao hawangemruhusu muuza sigara akae sebuleni na mtoto wa miaka 13 kwa saa tatu kila jioni.

Watetezi wana hoja, na nimezisikia. Wanasema gemu linaokoa maisha, wakimtaja mchezaji wa North Carolina aliyewasaidia majeruhi wa ajali ya gari kwa huduma ya kwanza aliyojifunza humo. Heri yake. Somo la huduma ya kwanza halihitaji bunduki. Wanasema pia kwamba mazoezi ya kompyuta ni nafuu, na hilo nakubali: rubani na aanguke mara mia kwenye mashine kuliko mara moja juu ya nyumba za watu. Kikosi cha Marine cha Marekani kililigeuza gemu la Doom kuwa darasa la mbinu za kikosi tangu 1996, na waliokuwa darasani walikuwa watu wazima waliokwisha kula kiapo. Ugomvi wangu ni na mlango wa kuingilia.

Na mlango wa kutokea je? Full Spectrum Warrior, gemu la mwaka 2004, lilizaliwa kwenye taasisi ya chuo kikuu cha Southern California inayofadhiliwa na jeshi, kwa ajili ya kufundishia askari. Vita vilipowarudisha vijana nyumbani wakiruka kitandani kila mlango unapobamizwa, taasisi hiyohiyo ilichukua mitaa na majengo ya gemu lile ikaunda Virtual Iraq, tiba ya kiwewe. Mgonjwa anavishwa miwani, anarudishwa barabarani katika Iraki ya kompyuta, anasimulia upya siku aliyompoteza mwenzake. Mtengeneza filamu Mjerumani Harun Farocki aligundua tofauti moja: katika picha za mafunzo vitu vina vivuli, katika picha za tiba havina. Toleo la wagonjwa lilikuwa la bei rahisi zaidi.

Haya yanatuhusu. Jeshi la Marekani hupokea wageni wenye ukaazi wa kudumu, na kati ya 2009 na 2016 mpango wa MAVNI uliwafungulia hata wasio nao njia ya haraka ya uraia, mradi wana lugha inayotakiwa. Kiswahili kilikuwa kwenye orodha. Kwa hiyo mama wa Kitanzania aliyeko Texas, baba wa Kikongo aliyeko Ohio, kijana wenu anayecheza chumbani kwake usiku yuko ndani ya hesabu ya mtu fulani. Na shule yake nayo: tangu sheria iliyotiwa saini Januari 2002, shule ya sekondari inayopokea fedha za serikali kuu inalazimika kuwapa maafisa wa uandikishaji jina, anwani na simu ya mwanafunzi wakiomba, isipokuwa mzazi amekataa kwa maandishi. Barua ya mistari miwili inatosha, na shule haina ruhusa ya kuipuuza. Iandikeni wiki hii.